CT ya hospitali, mikro-CT, sinkrotroni au nyutroni? Namna ya kuchagua tomografia ya kuchunguza ndani ya sampuli yako

Mwaka 1957, huko Cape Town, mwanafizikia Allan Cormack alitengenezewa silinda ya alumini iliyozungushiwa pete ya mbao. Aliipitishia mionzi ya gama ya kobalti-60, akapima kiasi kilichotokea upande wa pili, kisha akakokotoa kila sehemu ya ndani imenyonya mionzi kiasi gani. Majibu yalikubaliana na alichokijua isipokuwa mahali pamoja: katikati kabisa ya alumini palinyonya kidogo kuliko ilivyotakiwa. Alipouliza karakana, ikabainika kuwa silinda ile ilikuwa na kigingi cha alumini ya aina nyingine kilichochomekwa katikati. Yeye hakujua kuwa kipo, na hesabu ndiyo iliyomwonyesha.

Wengi wetu tunaijua tomografia kwa jina la CT scan na tunaihusisha na hospitali tu. Ni kweli kwamba dunia iliamka pale mashine ya Godfrey Hounsfield ilipompiga picha mgonjwa wa kwanza jijini London, Oktoba 1971, na yeye na Cormack wakagawana Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1979. Lakini jaribio lile la Cape Town lilifanyika juu ya metali na mbao. Kwa hiyo anayeshughulika na zege, mawe, vyuma, mbao au mifupa ya kale asijione mgeni mbele ya chombo hiki.

Kinachowasumbua watu siku hizi ni wingi wa mashine. Mwanafunzi wa uzamili anasoma makala yenye picha nzuri zilizopigwa Grenoble, Ufaransa, anaamini bila sinkrotroni, yaani mtambo mkubwa wa kutoa eksirei kali, utafiti wake haujakamilika, anapoteza mwaka mzima akisubiri nafasi, kumbe swali lake lingejibiwa na mashine ndogo ya maabara kwa asubuhi moja. Mwingine anafanya kinyume: anapeleka kipande cha zege chenye upana wa kiganja kwenye mikro-CT, yaani CT ya maabara ya kuona vitu vidogo sana, akitaka kuona nyufa nyembamba kuliko unywele, na anarudi na picha za kijivu zisizomwambia kitu. Msimamo wangu ni kwamba mashine huchaguliwa na sampuli na swali lako, na nguvu ya mashine huja baadaye sana. Ukijua kitu kidogo kabisa unachotaka kukiona, kipande kikubwa kabisa ambacho lazima kibaki kizima, na kitu kizito kabisa kilichomo ndani yake, sehemu kubwa ya uamuzi imekwisha.

Kwanza: unahitaji picha kweli?

Kama unachotaka ni asilimia ya vitundu ndani ya tofali, huhitaji mionzi yoyote. Likaushe, lipime, lilowe­ke, lipime, lipime tena likiwa linaning'inia ndani ya maji. Mizani mitatu hiyo inakupa jibu. Kwa vitundu vidogo sana vya saruji kuna kipimo cha kusukuma zebaki kwa shinikizo. Vyote hivi ni rahisi zaidi, na mara nyingi ni sahihi kuliko picha, kwa sababu vinagusa hata vitundu ambavyo hakuna eksirei ya maabara itakayoviona.

Tomografia inaanza kustahili gharama yake unapouliza vitundu viko wapi, vina umbo gani, na je, vimeungana. Chukua vipande viwili vya zege vyenye kiasi kilekile cha uwazi. Kimoja kina viputo vilivyotengana, kila kimoja peke yake. Kingine kina uwazi uliopangika chini ya kokoto na kuunganika hadi kwenye nondo. Mizani itasema vinafanana. Maji ya chumvi yatavitendea tofauti kabisa, na nondo ya kipande cha pili itaanza kutu mapema. Tofauti hiyo ndiyo tomografia inayoiona bila kukata chochote.

Ukubwa wa sampuli ndio unaopanga undani

Hili ndilo jambo linalowakwaza wengi. Ndani ya mikro-CT, bomba la eksirei hutoa mionzi kutoka kwenye nukta ndogo, mionzi inatanuka, inapita kwenye sampuli na kutupa kivuli kwenye kigunduzi. Sampuli inazungushwa taratibu, vivuli mamia au maelfu vinapigwa kutoka pembe mbalimbali, na kompyuta inavigeuza kuwa umbo la pande tatu. Mkono ulioletwa karibu na kibatari hutupa kivuli kikubwa ukutani. Ndivyo mashine inavyokuza, kwa kusogeza sampuli karibu na chanzo.

Lakini kivuli lazima kienee kwenye kigunduzi. Kama kigunduzi kina pikseli 2000 kwa upana, basi upana wa sampuli unagawanywa kwa 2000, na hicho ndicho kipimo cha vokseli, yaani kichembe kimoja cha picha ya pande tatu. Kipande cha milimita 100 kinakupa vokseli ya mikromita 50. Cha milimita 20 kinakupa mikromita 10. Ukitaka mikromita 1, sampuli yako iwe na upana wa milimita 2, karibu sawa na kichwa cha kiberiti. Hakuna kitufe cha kukwepa hesabu hii.

Tena vokseli ya mikromita 10 haimaanishi utaona kitu cha mikromita 10. Nukta inayotoa mionzi ina upana wake, na upana huo unafifisha kingo. Kwa kazi ya kupima, mimi nataka kitu kiwe na upana wa vokseli 3 angalau. Chini ya hapo ufa unaweza kuonekana kama mstari wa kijivu hafifu, ukajua upo, lakini usithubutu kuandika upana wake kwenye tasnifu. Muuzaji wa mashine hutangaza vokseli, kwa hiyo muulize undani halisi, yaani kitu kidogo kabisa ambacho picha inaweza kukitenganisha, na namna ulivyopimwa.

Njia ya busara ni kwenda kwa ngazi. Piga kipande kizima kwanza kwa undani wa kawaida, angalia wapi pana jambo, kisha kata kijipande kutoka hapo hasa na ukipige kwa undani mkubwa. Pale ambapo kukata hakuruhusiwi, kama kwa mabaki ya kale, inawezekana kupiga eneo dogo ndani ya kipande kikubwa, ila picha zinakuwa na kelele zaidi, yaani chembechembe zisizo za kweli, na viwango vya kijivu haviaminiki sana.

CT ya hospitali: inadharauliwa bila sababu

Kwa vitu vikubwa visivyo na metali nzito, mashine ya hospitali ni mahali pazuri pa kuanzia. Silinda ya zege ya milimita 100 iliyochimbwa ukutani, jiti la mwamba, gogo la mbao, chungu cha kale: vyote vinapigwa kwa sekunde chache, na vokseli inakuwa karibu nusu milimita. Wanaotafuta mafuta na gesi wamezoea kupiga miamba yao hivi kabla hawajaigusa kwa msumeno. Utaona kokoto zimekaaje, mashimo makubwa, tabaka, nyufa zilizopanuka. Saruji yenyewe itabaki uji wa kijivu.

Kuna mtego mmoja wa kuuliza kabla ya kupiga. Mashine hizi zimepangwa kwa ajili ya mwili. Kipimo cha Hounsfield kimeweka hewa kwenye -1000 na maji kwenye 0, na faili za kawaida hukomea 3071. Mfupa unaingia humo vizuri. Chuma hakiingii, kila kilicho juu ya dari hiyo kinaandikwa namba ileile moja, kwa hiyo metali mbili tofauti zinatoka zinafanana kabisa. Mashine nyingi zina kipimo kilichopanuliwa, lakini lazima mpigapicha akiwashe. Mwombe pia akupe faili zilizojengwa kwa kingo kali za mfupa, kwa sababu zile laini za nyama zinafuta nyufa. Na kata silinda yako mahali pasipo na nondo. Nondo moja tu inarusha mistari myeupe na myeusi juu ya picha nzima.

Wagonjwa ndio wenye mashine. Omba saa ambazo hakuna foleni, funga sampuli kwenye plastiki safi ili vumbi lisibaki kitandani, na usijaribu kuharakisha mambo kwa kupita mlango wa nyuma.

Mikro-CT ya maabara: jibu la wengi

Kama ningelazimika kumshauri mtu bila kuiona sampuli yake, ningesema aanzie hapa. Vokseli kati ya mikromita 1 na 100 zinatosha kwa sehemu kubwa ya maswali ya zege, kauri, mbao, plastiki zenye nyuzi, metali zilizochapwa kwa printa ya pande tatu, mbegu na mifupa. Mashine imefungwa ndani ya kabati lenye kuta za metali ya risasi, sampuli inatoka nzima, na upigaji unachukua kuanzia nusu saa hadi usiku mzima kutegemea undani unaotaka.

Kazi yake nzuri niipendayo kuisimulia inatoka pwani yetu. Kwenye pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wachimbaji walifikia shimo lenye mifupa iliyooza kiasi kwamba ikiguswa inakuwa unga. Hawakuilazimisha. Bonge zima la udongo lilifungwa kwa plasta, likapelekwa Makumbusho ya Taifa Nairobi, kisha kwenye kituo cha CENIEH mjini Burgos, Hispania, ambako mikro-CT ilikwenda sambamba na usafishaji wa mkono. Humo ndani alikuwamo mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Walimwita Mtoto. Uti wa mgongo ulikuwa bado umeungana, na kwenye taya meno yalikuwapo, mengine mizizi yake ikiwa bado inajengeka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na ndiyo maziko ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Angekuja mtu mwenye haraka na patasi, tungebaki na kikombe cha vumbi.

Sasa udhaifu wake. Bomba la eksirei hutoa mionzi ya nguvu mchanganyiko. Ile dhaifu inanyonywa mara tu inapoingia, na inayofika katikati ni ile yenye nguvu peke yake. Kompyuta haijui hilo, hivyo inachora katikati ya sampuli kana kwamba ni nyepesi kuliko pembeni. Nimeona watu wakieleza kwa kirefu kwa nini zege yao "imekomaa zaidi nje kuliko ndani" kwa kutazama picha ya namna hiyo, wakati hakuna chochote kwenye zege kilichobadilika. Tiba ni kuweka bati jembamba la shaba mbele ya bomba ili linyonye mionzi dhaifu mapema, kupunguza unene wa sampuli, na kutumia marekebisho ya programu. Ukiona kijivu kinabadilika polepole kutoka ukingoni kwenda katikati, kwenye sampuli ya mviringo, shuku mionzi kwanza.

Adui mwingine ni mwendo. Udongo mbichi na mbao mbichi hukauka na kusinyaa wakati upigaji unaendelea, na picha inatoka na kingo mbili mbili. Funga sampuli kwa plastiki isipoteze unyevu, iache ndani ya chumba cha mashine kwa muda kabla ya kuanza, na ishikize kwenye sponji ngumu au mrija wa plastiki, vitu ambavyo eksirei haivioni sana. Usiishikize kwa vibanio vya chuma.

Metali nzito ndiyo mpaka wa mashine hii. Kwa mabomba ya kilovolti 450 inawezekana kupenya vipande vinene zaidi. Mwaka 2005 mashine ya aina hiyo ilisafirishwa hadi Athens kupiga vipande vya kifaa cha Antikythera, chombo cha shaba cha Wagiriki wa kale kilichoopolewa baharini, na ndani ya kutu yakaonekana meno ya gia na maandishi yasiyosomeka kwa nje. Lakini kadiri unavyoongeza kilovolti ndivyo vitu vyepesi vinavyopoteza utofauti wao. Huwezi kuwa na vyote.

Sinkrotroni: inapostahili, na isipostahili

Sinkrotroni huzungusha elektroni kwa kasi iliyokaribia ya mwanga kwenye pete ya mamia ya mita, na zinapopindishwa na sumaku hutoa eksirei nyingi mno, zilizonyooka karibu sambamba. Ya ESRF, Grenoble nchini Ufaransa, ina pete ya mita 844. Kwa kuwa mionzi ni mingi, unaweza kuichuja ibaki nguvu moja tu, na lile tatizo la katikati kuonekana nyepesi linaondoka. Kwa kuwa imenyooka, inaonyesha hata mipaka kati ya vitu vinavyonyonya eksirei sawasawa: unyuzi wa kaboni ndani ya gundi yake, mfupa uliogeuka jiwe ndani ya jiwe. Na kwa kuwa ni ya haraka, upigaji kamili unaweza kwisha kwa dakika au chini ya sekunde moja, hivyo unaweza kuvuta metali hadi ikatike au kupasha chuma hadi kiyeyuke huku ukitazama ndani.

Mfano wa pale ilipokuwa lazima unatoka Turkana. Mwaka 2014, mahali paitwapo Napudet, John Ekusi aliona fuvu lenye ukubwa wa limau. Lilikuwa la sokwe mchanga wa miaka milioni 13 iliyopita, lililopewa jina Alesi. Timu iliyoongozwa na mwanasayansi wa Kenya Isaiah Nengo ililipeleka Grenoble, na ndani ya mwamba yakaonekana meno ya ukubwani yaliyokuwa hayajachomoza, mirija ya sikio la ndani, na mistari ya ukuaji ya meno iliyokuwa myembamba kiasi cha kuhesabika siku kwa siku. Kwa mistari hiyo walijua mtoto yule alikufa akiwa na umri wa mwaka 1 na miezi 4 hivi. Mikro-CT ya kawaida ingeonyesha meno. Mistari ya siku, ndani ya jino ambalo lenyewe limezungukwa na fuvu zima, isingeionyesha. Hapo safari ilikuwa na maana.

Linganisha hilo na Mtoto wa Kilifi: swali lilikuwa mfupa upi uko wapi na umelalaje, na mashine ya maabara ikatosha. Visukuku vyote viwili ni vya thamani isiyopimika. Kilichotofautisha mashine ni swali.

Nafasi haiuzwi kwa mtafiti wa chuo anayekusudia kuchapisha. Unaandika ombi, linapimwa na wataalamu, na likipita unapewa zamu za saa nane nane. Ushindani ni mkubwa, na ombi linaloanza na "tunataka kuona muundo wa ndani" linaanguka mapema. Ombi linalopita huambatisha picha za mikro-CT na kuonyesha waziwazi ni nini zilishindwa kuonyesha. Kwa hiyo hata anayelenga sinkrotroni huanzia maabara. Afrika haina sinkrotroni yake hadi leo. Iliyo jirani ni SESAME nchini Yordani, iliyofunguliwa mwaka 2017, na tangu 2023 ina njia ya mionzi ya tomografia iitwayo BEATS. Kwa Mtanzania au Mkenya naona ombi la huko ni la kufikiria mapema, kabla ya kukimbilia Ulaya.

Onyo moja kwa wa mambo ya kale. Mionzi hii ni mikali. Inaweza kuharibu vinasaba vilivyobaki mfupani, na inaongeza dozi inayovuruga vipimo vya umri vinavyotegemea mionzi iliyohifadhiwa kwenye vigae na meno. Hata eksirei ya maabara ina athari hiyo kwa kiasi chake. Chukua sampuli za vinasaba na za umri kwanza, ndipo upige picha.

Nyutroni: zinapoona kile eksirei haioni

Eksirei hunyonywa na elektroni za atomu, kwa hiyo atomu nzito huwa ukuta na nyepesi huwa dirisha. Nyutroni, chembe zisizo na chaji ya umeme, hazijali elektroni. Zinagonga viini, na viini havifuati utaratibu wa uzito. Tazama kinachopita kwenye unene wa sentimita 1, kwa makadirio, nikichukua eksirei za kiloelektronivolti 100 na nyutroni zilizopozwa hadi kasi ya joto la kawaida:

| Kitu | Eksirei inayopita | Nyutroni zinazopita |
|---|---|---|
| Maji | asilimia 84 | asilimia 3 |
| Alumini | asilimia 63 | asilimia 90 |
| Chuma | asilimia 5 | asilimia 30 |
| Risasi | hakuna | asilimia 69 |

Soma mstari wa maji na wa risasi tena. Gundi ndani ya bomba la chuma, mzizi ndani ya udongo, mafuta ndani ya injini, maji yanayopanda ndani ya zege, uzi wa kitambaa ndani ya sanamu ya shaba: kwa eksirei vyote hivi vinapotea ndani ya kilichovizunguka, kwa nyutroni vinajitokeza vyeusi. Anayechunguza unyevu unavyoingia kwenye chokaa na mawe ya matumbawe ya majengo yetu ya pwani ana swali la nyutroni hasa, kwa sababu anafuata maji, na jiwe ni kizuizi tu njiani.

Bei yake ni undani. Picha za kawaida zina vokseli za makumi ya mikromita, na upigaji unachukua saa nyingi kwa sababu nyutroni ni chache. Zinapatikana kwenye vinu vya nyuklia na vichapuzi vikubwa, yaani mitambo ya kukimbiza chembe, tu. Barani Afrika, kinu cha SAFARI-1 cha Pelindaba, karibu na Pretoria, chenye megawati 20 na kinachofanya kazi tangu 1965, kimetumika kwa kazi hii, na shirika la Necsa linalokiendesha lina pia mikro-CT ya eksirei, hivyo sampuli moja inaweza kupigwa kwa njia zote mbili.

Jambo la kuuliza kabla ya kutuma: sampuli yako ina nini ndani? Nyutroni zinaweza kuifanya itoe mionzi yenyewe. Alumini inatulia kwa dakika, manganizi kwa siku moja au mbili, dhahabu kwa wiki kadhaa. Fedha ina aina inayopungua nusu kila siku 250, na kobalti kila miaka 5 na zaidi. Sarafu ya fedha ya makumbusho inaweza kuzuiliwa kituoni muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kusafiri. Mwambie mwenye kituo ukweli wote wa viambato, hata vile unavyodhani ni kidogo.

Chini ya mikromita moja

Hapa nitapita haraka, kwa sababu anayehitaji njia hizi kwa kawaida anajua kuwa anazihitaji. Darubini ya elektroni yenye mwale wa ioni hukwangua sampuli tabaka kwa tabaka, nanomita kumi hivi kila mara, ikipiga picha kila uso mpya. Ni nzuri kwa vitundu vya saruji na vya mwamba wa shale, lakini unaona mchemraba wa makumi ya mikromita tu, na ukimaliza mchemraba huo haupo tena. Tomografia ya darubini ya elektroni zinazopenya inataka kipande chembamba kuliko nanomita 300 hivi, na kwa kuwa haiwezi kukiinamisha hadi digrii 90, umbo hutoka limerefuka upande mmoja. Ya atomu moja moja inang'oa atomu kutoka kwenye ncha ya sindano nyembamba kuliko nanomita 100 na kutaja kila moja ni elementi gani. Zote zinadai uwe na uhakika kuwa kijipande ulichochagua kinawakilisha kitu kizima, na uhakika huo unatoka kwenye picha za ngazi ya juu.

Kazi huanza picha ikishatoka

Mchemraba wa vokseli 2000 kila upande, kwa baiti 2 kila vokseli, ni gigabaiti 16. Ukipiga sampuli kumi, laptopu ya kawaida imeshindwa. Panga diski na kompyuta yenye kumbukumbu kubwa kabla ya kupanga safari. Programu si kikwazo: Fiji na 3D Slicer ni za bure na zinafanya mengi.

Kikwazo ni kuamua kijivu gani ni kitundu na kipi ni saruji. Sogeza mpaka huo hatua chache tu na asilimia ya vitundu inabadilika kwa kiasi cha kugeuza hitimisho. Kwa hiyo andika mpaka ulioutumia na sababu yake, onyesha jibu linavyobadilika ukiusogeza, na ulinganishe na kile kipimo cha mizani nilichokitaja mwanzoni. Picha na mizani zikitofautiana, mara nyingi zote ni sahihi: mizani imehesabu vitundu ambavyo picha haivifikii. Omba pia vivuli ghafi vyenyewe, usiridhike na picha zilizojengwa. Miaka mitatu mbele njia ya kujenga itakuwa imeboreka, na sampuli huenda haipo.

Mimi ningechagua hivi

Zege au mwamba, unatafuta mpangilio wa kokoto na mashimo makubwa: hospitali. Nyufa na vitundu vya mikromita makumi ndani ya zege, kauri, mbao, plastiki: mikro-CT, kwa kipande kilichokatwa kwa ukubwa unaolingana na swali. Kipande cha alumini kilichochapwa kwa printa: mikro-CT bila kusita. Cha chuma kinene zaidi ya sentimita 3: mashine ya kilovolti 450, au kikate. Unafuata maji, gundi, mafuta au mizizi, au unataka kuona kilicho nyuma ya risasi: nyutroni. Kitu kinabadilika ndani ya sekunde, au vitu viwili vinanyonya eksirei sawasawa, au undani unaotaka hauwezi kupatikana bila kukata usichoruhusiwa kukata: sinkrotroni.

Anayefikiria chuo chake kinunue mashine ajue kuwa chanzo cha mionzi kinahitaji kibali: Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, Kenya ni mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA. Anzeni nao kabla ya kuagiza, na bajeti iwe na mshahara wa fundi wa kudumu, kwa sababu mashine isiyo na mtu wake hukaa chini ya turubai.

Kwa anayeomba huduma, barua yake ya kwanza kwa kituo iwe na vipimo vya sampuli kwa milimita, orodha ya vilivyomo ukianza na kizito kabisa, ukubwa wa kitu kidogo unachotaka kupima, kama inaruhusiwa kukatwa au kulowa, na picha ya kawaida ya simu ukiwa umeweka rula pembeni. Kisha omba upigaji mmoja wa majaribio. Fundi mzuri akisoma barua hiyo atakuambia siku hiyohiyo kama mashine yake inafaa, na kama haifai atakutajia inayofaa.